Shali ya Kroshia Yenye Mawaridi Yaliyoinuka: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Shali inayoelezwa hapa ni ya mstatili, yenye upana wa sentimita 48 na urefu wa sentimita 160, iliyofumwa kwa uzi mwembamba wa pamba, na kwenye ncha zake mbili imebeba mawaridi ambayo petali zake zinanyanyuka kwa ncha ya kidole. Hapa Moshi tunaijua kazi yake. Juni na Julai, ubaridi unapoteremka kutoka mlimani jioni na kanga moja mabegani haitoshi, shali nyepesi ya kufuma inamsitiri mtu bila kumlemea. Miezi mingine inavaliwa kanisani, kwenye kipaimara na kwenye sherehe za kumuaga bibi harusi.

Wengi wetu tulianza kroshia kwa vitambaa vya makochi, na hapo ndipo kosa la kwanza linapozaliwa. Kitambaa cha kochi kinalala, tena mara nyingi kimetiwa wanga kikakauka kama karatasi, kwa hiyo unaweza kukijaza maua kadiri upendavyo. Shali haina pa kulala. Inaning'inia, inavutwa, inabanwa na mkoba begani, na kila ua unaloliongeza ni uzito unaobebwa na nyuzi chache za wavu. Ndiyo maana mwongozo huu utarudi mara kwa mara kwenye jambo moja: ua lishikwe kwa nyuma, na wavu ndio ubebe. Shangazi yangu wa Machame, aliyenifundisha kazi hii, hakuwa akitazama uso wa kipande hata kidogo. Ulikuwa ukimpelekea anakipokea, anakigeuza, anasema, "Mwanangu, usoni kila mtu anajua kupaka poda. Nionyeshe mgongo."

Uzi na vifaa

Chagua uzi wa pamba ambao gramu 50 zake zina takriban mita 150. Ulio mzito zaidi ya huo utakupa shali inayofanana na blanketi, na ulio mwembamba sana, ule wa vitambaa vya meza, utakupa mawaridi madogo yanayolala chali. Ukipata pamba inayong'aa, yaani ile iliyopitishwa kiwandani kwenye magadi makali ikiwa imevutwa, ichukue hata kama bei imezidi kidogo, kwa kuwa uzi wake haufumuki nywele na petali hubaki na ukingo safi. Akriliki ni rahisi kupatikana na inatia joto, lakini haikubali kunyooshwa kwa maji kama pamba: uipige pini leo, kesho ukiifua inarudi ilivyokuwa, na pasi yenye moto mkali huiyeyusha.

Shali hii inajengwa kwa vipande vya mraba, vingine vyenye waridi na vingine bapa, yaani visivyo na ua. Nilipima kwa mizani ya jikoni: kipande chenye waridi kinakula gramu 6, kipande bapa kinakula gramu 4. Shali nzima ina vipande 18 vya waridi na 15 bapa, jumla gramu 168, na pindo pamoja na maua madogo vinachukua kama gramu 40. Nunua mabunda matano ya gramu 50, yote kwa siku moja, na kabla hujalipa soma namba mbili kwenye karatasi ya kila bunda: namba ya rangi, na namba ya mkupuo wa kutia rangi. Ya kwanza ikilingana na ya pili ikatofautiana, nyuzi hizo hazikuchovywa pamoja. Mimi niliwahi kununua mabunda matatu, nikarudi baada ya mwezi kuchukua mawili yaliyobaki, na mwenye duka akaniapia kwamba ni rangi ile ile. Chini ya taa zilikuwa sawa. Juani, pale kwenye kiungo cha safu ya nane, mstari ulionekana kama kovu, nami nikafumua safu nne.

Asiye na bajeti ya uzi mpya anaweza kwenda kwenye mitumba, pale Kiboriloni kwa sisi wa Moshi, akatafuta sweta kubwa la pamba na kulifumua. Kabla ya kununua, ligeuze ndani nje na utazame mshono wa ubavuni. Ukiona kingo zimekatwa na kupigwa ovaloku, liache, kwa sababu kila mstari utakatika mwishoni mwake na utapata vipande vya uzi vya urefu wa mkono. Ukiona pande mbili zimeunganishwa kwa uzi mmoja unaoweza kufumuliwa, na kingo ni nzima, hilo ni lako. Uzi uliofumuliwa huja na mawimbi. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uoshe, kisha uutundike na chupa ya maji ikining'inia chini yake mpaka ukauke.

Utahitaji sindano mbili za kroshia, milimita 2.0 na milimita 2.5. Ile ndogo ni ya petali na kubwa ni ya wavu. Wengi hufuma kote kwa sindano moja, lakini petali iliyokazwa husimama yenyewe bila wanga, na tao la wavu lililolegea kidogo huanguka vizuri begani. Zaidi ya hizo tafuta mkasi mdogo, sindano butu yenye tundu kubwa, futi ya fundi cherehani, na pini za chuma kisichoshika kutu, zisizopungua 150.

Kama umechagua uzi mwekundu au wa zambarau, lowesha kipande cha urefu wa shubiri, ukikunje ndani ya kitambaa cheupe na ukikalie dakika kumi. Kitambaa kikitoka na rangi, uzi huo usiuchanganye na mweupe.

Majina ya mafumo

Wafumaji wa kila mtaa wana majina yao, kwa hiyo niseme ninayoyatumia hapa. Cheni ni kitanzi kimoja kinachovutwa kupitia kingine. Kiungio ni kuingiza sindano mahali, kuvuta uzi na kuupitisha moja kwa moja kwenye kitanzi kilichoko, bila kuongeza kimo. Nguzo fupi ni kuingiza sindano, kuvuta uzi ukawa na vitanzi viwili, kisha kuvitoa vyote kwa mvuto mmoja. Nguzo ndefu inaanza kwa kuzungusha uzi mara moja juu ya sindano kabla ya kuiingiza. Unapata vitanzi vitatu na kuvitoa viwili viwili. Nguzo ya kati inaanza vile vile, ila vitanzi vitatu vinatolewa kwa pamoja. Tao ni cheni kadhaa zinazoachwa hewani kati ya nguzo mbili.

Anayefuata michoro ya intaneti ajihadhari na jambo moja: Uingereza na Marekani hutumia jina lile lile kwa mafumo tofauti. Ile ninayoiita nguzo fupi, Waingereza huiita kwa jina ambalo Wamarekani wamelipa nguzo ndefu. Kabla ya kuanza, tazama mchoro umeandikwa kwa lugha ya nchi gani, la sivyo waridi litatoka na kimo mara mbili ya kilichokusudiwa.

Waridi, mzunguko kwa mzunguko

Waridi la tabaka namna hii lilipata umaarufu Ireland katika miaka ya 1840, wakati viazi vilipooza mashambani na njaa ikaua watu wengi. Familia zilifuma maua na majani ya kroshia ili kupata fedha ya chakula, na mara nyingi mmoja alifuma mawaridi tu, mwingine majani, na mwingine akaviunganisha kwa wavu. Wazo la kulijenga ua kwanza na kulizungushia wavu baadaye ndilo tunalolitumia hapa.

Shika sindano ya 2.0. Fuma cheni 6 na uzifunge kwa kiungio ziwe pete.

Mzunguko wa 1: fuma cheni 6, ambazo tatu za kwanza zinahesabiwa kuwa nguzo ndefu na tatu zinazofuata ni nafasi. Kisha fuma nguzo ndefu moja ndani ya pete na cheni 3, ukirudia hivyo mara tano, na ufunge kwa kiungio kwenye cheni ya tatu ya mwanzo. Una nafasi sita, kama spoku za gurudumu.

Mzunguko wa 2: fuma cheni 1, kisha ndani ya kila nafasi weka nguzo fupi 1, nguzo ya kati 1, nguzo ndefu 3, nguzo ya kati 1 na nguzo fupi 1. Hiyo ni petali moja yenye mafumo saba, na zote ni sita. Funga kwa kiungio kwenye fumo la kwanza.

Mzunguko wa 3 ndio unaowashinda wanaoanza, kwa hiyo tulia hapa. Ukiutazama mgongo wa kazi utaziona zile nguzo ndefu sita za mzunguko wa 1 zikiwa zimesimama kati ya petali na petali. Kwa kidole gumba zilaze petali zote zikuelekee wewe. Sasa peleka sindano nyuma ya kazi, iingize kutoka kulia mwa nguzo ya kwanza, ipite mbele yake, itokee kushoto, yaani iikumbatie nguzo yenyewe bila kugusa kichwa chake. Vuta uzi na ufume nguzo fupi. Fuma cheni 5, ikumbatie nguzo inayofuata, na uendelee hivyo mpaka upate matao sita. Cheni 3 za mwanzo zihesabu kama nguzo, nazo uzikumbatie vile vile. Mwishoni funga kwenye nguzo fupi ya kwanza. Ukiitazama kazi kwa mbele, matao haya yasionekane kabisa. Yakichungulia, umekumbatia mahali pasipo penyewe, nami nakushauri ufumue sasa, kwa sababu kila tabaka linalofuata litasimama juu ya kosa hilo.

Mzunguko wa 4: ndani ya kila tao weka nguzo fupi 1, ya kati 1, ndefu 5, ya kati 1 na fupi 1. Petali hizi za mafumo tisa zitatokeza nyuma ya zile za kwanza.

Mzunguko wa 5: zilaze petali mbele tena, na safari hii kumbatia zile nguzo fupi za mzunguko wa 3, ukiweka cheni 7 kati ya moja na nyingine.

Mzunguko wa 6: ndani ya kila tao weka fupi 1, ya kati 1, ndefu 7, ya kati 1 na fupi 1. Sasa una waridi la tabaka tatu lenye kipenyo cha sentimita 6 hivi.

Ukisafiri kwa barabara ya Moshi hadi Arusha utapita Usa River, eneo linalojulikana kwa kilimo cha mawaridi, na ukipata ua moja kutoka huko litazame vizuri kabla ya kuendelea. Petali za nje ni pana na zimeshuka, za katikati ni finyu na zimejikunja ndani. Ndiyo sababu tabaka letu la kwanza lina mafumo saba na la mwisho kumi na moja; ukizifanya zote ziwe sawa utapata kitu kinachofanana na kabichi. Utaona pia kwamba petali za ua la kweli zinapishana, wakati zetu zinakaa moja nyuma ya nyingine. Inawezekana kuzipishanisha, kwa kukumbatia nguzo ndefu ya katikati ya petali badala ya nguzo iliyo kati ya petali mbili, na matokeo yake yanapendeza. Hata hivyo petali ya mbele huvutwa na kupoteza ule mkunjo wake, kwa hiyo kwenye shali, ambayo itafuliwa na kubanwa, mimi nabaki na mpangilio wa kwanza.

Kutoka pembe sita hadi mraba

Sasa badili, ushike sindano ya 2.5. Hapa kuna hesabu kidogo: ua lina petali sita na mraba una pembe nne, na sita haigawanyiki kwa nne. Dawa yake ni kuzizidisha nafasi ziwe kumi na mbili.

Mzunguko wa 7: nyuma ya petali, kumbatia nguzo fupi za mzunguko wa 5, ukiweka cheni 9 kati yake. Matao ni sita.

Mzunguko wa 8: sogea kwa kiungio hadi ndani ya tao la kwanza. Ndani ya kila tao fuma nguzo fupi na cheni 5, kisha nguzo fupi na cheni 5 tena. Yatakuwa matao kumi na mawili. Tao la mwisho kabisa usilifume kwa cheni 5, bali kwa cheni 2 na nguzo ndefu moja inayoingia kwenye nguzo fupi ya mwanzo. Nguzo hiyo inajaza nafasi ya cheni zilizobaki na kukuacha katikati ya tao, tayari kwa mzunguko unaofuata.

Angalia kwamba hakuna mahali wavu uliposhika petali zenyewe. Wapo wanaofuma matao yao yakipita kwenye vichwa vya petali za nje, na kazi yao huenda haraka, lakini ua hilo limefungwa mikono. Halitainuka tena.

Mzunguko wa 9: mahali ulipo ni pembe ya kwanza. Fuma cheni 3 zinazohesabiwa nguzo ndefu, nguzo ndefu 2, cheni 3, na nguzo ndefu 3, zote ndani ya tao hilo moja. Kisha cheni 5, nguzo fupi kwenye tao linalofuata, cheni 5, nguzo fupi kwenye tao la pili, cheni 5. Tao la tatu ni pembe nyingine: nguzo ndefu 3, cheni 3, nguzo ndefu 3. Endelea mpaka zitimie pembe nne, ufunge juu ya cheni 3 za mwanzo. Kila ubavu una matao matatu.

Mzunguko wa 10: tembea kwa kiungio juu ya nguzo mpaka ufike kwenye cheni 3 za pembe, na hapo weka tena nguzo ndefu 3, cheni 3, nguzo ndefu 3. Kwenye ubavu fuma cheni 5 na nguzo fupi katika kila tao, na cheni 5 kabla ya pembe. Matao ni manne.

Mzunguko wa 11 unafanana na wa 10, na ubavu utakuwa na matao matano. Kata uzi ukiacha sentimita 15.

Pima. Kipande changu hutoka na sentimita 13 na kikinyooshwa hufika 14. Chako kikiwa chini ya 12, chukua sindano kubwa zaidi kwa wavu tu, petali usiziguse.

Kipande bapa

Hiki ni chepesi. Kwa sindano ya 2.5 fuma cheni 8 na uzifunge ziwe pete, kisha ujaze ndani yake nguzo ndefu 24. Mzunguko wa 2 ni nguzo fupi na cheni 4, ukiruka nguzo moja kila mara, upate matao kumi na mawili. Mizunguko ya 3 na 4 ni cheni 5 na nguzo fupi katika kila tao, huku ukimalizia kila mzunguko kwa ule ujanja wa cheni 2 na nguzo ndefu. Kisha fuata mizunguko ya 9, 10 na 11 kama ilivyoelezwa juu.

Mpangilio na kuunganisha

Shali ina safu 11 za vipande vitatu vitatu. Safu tatu za kila ncha ni za mawaridi, na safu tano za katikati ni bapa. Najua kishawishi cha kuweka mawaridi kila mahali, maana nilikifuata kwenye shali yangu ya kwanza. Katikati ya shali ndipo inapokaa shingo. Mawaridi ya hapo yanalaliwa na kichwa, yanashika nywele na hereni, na hakuna anayeyaona kwa kuwa yamefunikwa na mkunjo. Yakiwa kwenye ncha, uzito wake unaivuta shali ishuke vizuri mbele ya kifua, na wavu mwepesi ulioko nyuma unayabeba bila kuning'inia kama nyavu za mvuvi.

Usishone vipande baada ya kuvimaliza. Viunganishe ukiwa kwenye mzunguko wa 11, ubavu unaogusana na kipande kilichokwisha. Ukifika kwenye pembe, badala ya cheni 3, fuma cheni 1, nguzo fupi kwenye nafasi ya pembe ya jirani, cheni 1. Kwenye kila tao la ubavu, badala ya cheni 5, fuma cheni 2, nguzo fupi ndani ya tao la jirani linalolikabili, cheni 2. Ubavu mmoja una viungo saba: matao matano na pembe mbili. Ukihesabu sita, umeruka tao, na kosa hilo litaonekana kama tundu lililochanika.

Pale pembe nne zinapokutana, zote zishikwe mahali pamoja, kwenye nguzo fupi ya kiungo cha kwanza, na si kila moja kwa jirani yake. Hapo ndipo shali inapovutika kuliko mahali pengine popote.

Mikia ya uzi uifiche mara umalizapo kila kipande, wala usingoje mwisho, kwa sababu mikia 66 iliyorundikana imewafanya wengi waitupe kazi kabatini. Pitisha mkia kwa sindano butu ndani ya nguzo ndefu za pembeni, urudi nyuma ukipita njia tofauti, kisha ukate. Fundo lisifungwe. Fundo kwenye wavu wa pamba hutokeza upande wa mbele siku moja, na ukilikata kazi inafumuka.

Kwa kasi yangu waridi moja na wavu wake huchukua saa moja na nusu, na kipande bapa dakika hamsini. Ni takriban saa 40 za vipande peke yake. Anayetaka kumvalisha mama yake shali hii Krismasi, watoto wote wanapokuwa wamepanda nyumbani, aanze mwanzoni mwa Septemba, saa moja kila jioni. Kama ni kikundi cha akina mama mnaofanya pamoja, gawaneni kazi kwa aina: mmoja afume maua yote hadi mzunguko wa 6, mwingine afume wavu wote. Mkazo wa mkono hutofautiana sana baina ya mtu na mtu, na mraba wa mkono mgumu ukiwekwa karibu na wa mkono mlegevu, mstari unapinda.

Pindo na maua ya kahawa

Zungusha shali nzima mizunguko miwili ya cheni 5 na nguzo fupi katika kila tao, na kwenye kila kiungo cha vipande viwili weka nguzo fupi pia. Kwenye pembe nne za shali fuma tao la ziada ndani ya nafasi ile ile ili pasikunjamane. Mzunguko wa tatu, ndani ya kila tao, ni nguzo fupi 2, cheni 3, nguzo fupi 2. Pindo hili linaongeza sentimita 3 kila upande.

Kwenye mipaka ya safu za mawaridi ninapenda kutawanya maua madogo ya kahawa, kumi au kumi na mawili hivi, kwa uzi mweupe. Waliokulia kwenye migomba na mibuni ya Kibosho au Marangu wanayajua: mvua ikinyesha baada ya ukavu, matawi yanafunikwa na maua meupe ya petali tano finyu, yananukia kama asumini, na baada ya siku chache yamekwisha. Kwa sindano ya 2.0 fuma cheni 5 uzifunge ziwe pete. Kwa kila petali fuma cheni 6. Ruka ya kwanza, urudi juu ya tano zilizobaki kwa nguzo fupi, ya kati, ndefu, ya kati na fupi, halafu kiungio ndani ya pete. Fanya petali tano. Lishone ua kwenye makutano ya vipande, katikati yake tu, mishono mitatu au minne, na petali ziachwe huru.

Kuosha na kunyoosha

Kabla ya hatua hii shali itaonekana imekunjamana na utadhani umekosea. Iloweshe kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo kwa dakika ishirini, uisuuze, na usiikamue kwa kuisokota. Itandaze juu ya taulo, uviringishe taulo pamoja nayo, kisha uikanyage kwa miguu mitupu.

Tandika shuka safi jeupe juu ya godoro. Piga pini pembe nne za nje kwanza, ukipima kwa futi sentimita 160 kwa 48, ndipo ufuate pembe za kila kipande kila sentimita 14, na mwisho vile vidole vya pindo. Halafu rudi kwenye mawaridi, moja baada ya jingine, shali ikiwa bado mbichi: ingiza kidole chini ya tabaka la nje ulitandaze, la pili linyanyue nusu, na la ndani libane kwa vidole vitatu lijifumbe. Ukitaka yakauke yakiwa yamesimama, chomeka kipande kidogo cha karatasi laini kati ya tabaka na tabaka. Mwezi wa Julai hapa kwetu kazi hii inaweza kukaa kwenye pini siku mbili. Isianikwe kwenye jua kali, kwa maana rangi hupauka upande mmoja.

Wanga tuliozoea kutia kwenye vitambaa vya meza usiutie hapa, wala maji ya sukari. Petali iliyokaushwa kwa wanga inakwaruza shingo, na ya sukari inaita sisimizi kabatini. Pasi nayo isifike kwenye mawaridi kabisa. Kama wavu wa katikati umekunjamana, uwekee kitambaa kibichi juu na uupitishie mvuke, pasi ikiwa haijaugusa.

Shali hii haitundikwi kwenye henga, kwa sababu uzito wa mawaridi utairefusha kidogo kidogo mpaka wavu wa katikati uwe mwembamba kama kamba. Itandaze kitandani uso ukiwa juu, uweke kanga kuukuu juu yake, kisha uiviringishe kuanzia ncha moja, bila kukaza, na uiweke juu kabisa ya nguo nyingine zote.